Waliochimba Watangulie

Wafula, Espoir, na wewe Salma uliyeingia juzi: siku ile mliyonikatia keki ya kuniaga mliniambia niandike mambo ya kazi, maana, kama alivyosema Wafula, mzee akiondoka na maarifa yake kichwani ninyi mtabaki kuchimba kwa kubahatisha. Basi nimeandika. Keki yenyewe ilikuwa na umbo la koleo, mkanipa mpini. Vyeo na mishahara naviacha kando. Cheo nilipata kimoja tu, nacho kilikuja na redio ya mkononi isiyoshika mawimbi kule bondeni. Naandika kwa Kiswahili kwa sababu ninyi watatu mnakisoma, kila mtu na cha kwao, na kwa sababu yako mambo humu ambayo naona haya kuyasema hata kwa Kiswahili, sembuse kwa Kiingereza.

Nilifika nchi hii na stashahada ya kilimo na koti lisilofaa kwa baridi. Nilipokelewa Laurel, mji mdogo wa Maryland, na Kaduma, mtu wa Njombe, aliyekuwa akiendesha gari dogo la kupeleka abiria viwanja vya ndege. Hatukuwa ndugu. Rafiki wa rafiki alimpa jina langu, naye akanipa kochi lake, nikalilalia mpaka likachukua umbo langu. Ni yeye aliyeliona tangazo: makaburi ya kale yaliyopandwa kama bustani, kwenye mpaka wa Maryland na jiji kuu la nchi hii, yanatafuta mtu anayejua miti na majani. Nikafikiri makaburi yatakuwa mahali pa kazi tu, kama vile mtu anavyoweza kutunza miti ya hospitali bila kuwa daktari. Siku ya kwanza nikapewa buti, glavu na koleo. Mkasi wa kupogolea miti niliusubiri sana.

Aliyenipokea pale alikuwa Bwana Clifton, msimamizi wa wachimbaji, Mmarekani mweusi, mrefu, mgongo umenyooka kuliko wangu ingawa alinizidi umri mbali. Nilikuwa nimeandaa Kiingereza changu njia nzima ndani ya treni. Akanitazama, akasoma jina langu kwenye karatasi, akasema taratibu, silabi moja moja: "Ha-ba-ri za a-su-bu-hi, ndugu Shekiondo. Umeamkaje?" Kiingereza changu chote kikabaki kwenye treni. Kumbe ujanani mwake alijifunza Kiswahili kwenye darasa la jioni chini ya kanisa, enzi ambazo vijana wa rika lake walikuwa wakitafuta kitu cha Afrika cha kushika mkononi. Binti yake alimwita Imani. Mimi aliniita ndugu hadi mwisho, neno ambalo kwetu lilikuwa limebaki kwenye mikutano ya chama.

Asubuhi ile hakunipa kazi. Alinitembeza. Ninyi mmezoea kupita pale na toroli mkiwa mmeinamisha vichwa, kwa hiyo nitaeleza kama alivyonieleza yeye. Kabla ya vita vyao vya wenyewe kwa wenyewe, makaburi ya makanisani mjini yalikuwa yamejaa hadi yananuka. Wenye nacho wakanunua shamba la tumbaku lenye vilima na kijito, wakamleta mchoraji, wakamwambia awatengenezee mahali ambapo kufa kutafanana na kwenda matembezi. Ndipo likachimbwa bwawa, zikapandwa magnolia za maua meupe makubwa na ile miti yenye matawi yanayoning'inia mpaka chini. Jumapili watu wa mjini walikuja na vikapu vya chakula, wakatandika vitambaa kati ya mawe ya kaburi, wakala kuku wa kukaanga na kuoneshana malaika wa marumaru aliye ghali zaidi.

"Unaona barabara hii, ndugu?" Clifton akaniuliza. "Imepindwa kwa makusudi. Mtu anayekuja asione kaburi lililo wazi mpaka liwe limefungwa."

Kisha akanishusha bondeni, nyuma ya ule ua mrefu wa miti ya miiba ambao majira yote una majani. Mbele yake bustani, nyuma yake banda letu la zana, na nyuma ya banda ule uwanja mtupu unaoteremka hadi kijitoni. Nilidhani ni mahali pa kutupia majani makavu, na kweli tulikuwa tunatupa. Clifton akavua kofia. Akasema humo wamelazwa watumwa wa lile shamba la tumbaku, na baada yao watu weusi waliolipwa kuchimba bwawa na kupanda miti, wengine wakiwa huru na wengine nusu huru. Walichomekewa vijiti, na vijiti vikaoza. Mchoraji alipopima shamba, alichora ua wa miiba hapo ili wanaokula kuku wasipaone. Mama wa babu yake Clifton yumo. Mahali gani hasa, hakuna ajuaye.

"Bustani hii ni kazi ya kuficha," akasema. "Mauti waliyafunika kwa maua. Sisi walituzungushia miiba."

Zana aliyoipenda kuliko zote ni ile fimbo ya chuma yenye mpini wa kukingama, ambayo sasa anayo Espoir na ambayo naomba asiiache mvuani. Unaikita chini kwa uzito wa mwili, polepole. Udongo ambao haujaguswa unakataa, mikono inatetemeka. Udongo uliowahi kuchimbwa, hata na watu wa zamani sana, unapokea. Clifton alinifundisha huku nimefumba macho, kwa kuwa macho yanadanganywa na nyasi. Siku za kazi chache, alikuwa anateremka bondeni na kuikita hapa na pale, akiweka kokoto nyeupe kila mahali udongo ulipokubali. Meneja wa enzi hizo alituambia tuziondoe kokoto kwa sababu zinaharibu mashine ya kukata majani. Tuliziondoa. Clifton alizirudisha.

Mengine ya ufundi mnayajua: vua majani kwanza kwa vipande vya mraba, yaviringishe, yaweke kivulini na kuyanyunyizia maji, maana ndugu wa marehemu anaweza kusamehe mengi lakini hasamehi nyasi zilizokufa. Nyoosha pembe kabla ya kufuata kina. Udongo wa njano ukianza kung'aa, vaa kofia ngumu na acha kuimba, usikie kuta zikitaka kuporomoka. Tandika mbao pande zote, funika kifusi kwa zulia la kijani, kana kwamba kuna mtu hajui chini yake mna nini. Kisha ile sheria kuu, ya tangu enzi za mchoraji: mkishamaliza, nendeni nyuma ya miiba na mashine yenu, na msitokeze mpaka gari la mwisho litoke getini.

Clifton aliichukia sheria hiyo. Mimi niliipenda.

Wafula na Espoir, ninyi mtanielewa. Kwetu Lushoto mtu akifa, vijana wa mtaa wanachukua majembe na sururu bila kuitwa. Wanachimba kwa zamu, wanataniana, wanamsema marehemu kidogo, na hakuna anayelipwa hata nauli. Malipo yao ni heshima: wakirudi msibani wananawishwa mikono, na kabla ya mchungaji, kabla ya wakwe, inatangazwa kwamba waliochimba watangulie kula. Niliyemjua akilipwa kwa kazi hiyo alikuwa mtu mmoja tu, wa makaburi ya halmashauri, na sisi watoto hatukupokea hata kipande cha muwa kutoka mkononi mwake. Watu walisema anayelala akingoja kifo apate unga, anakiombea. Sasa mimi, mwenye stashahada, nilivuka bahari nikawa yeye.

Mama yangu nilimwambia natunza bustani ya matajiri. Haikuwa uongo, matajiri walikuwemo, ila walikuwa wamelala. Watanzania wa hapa nao niliwaambia hivyo hivyo. Wakanipa jina la Bwana Bustani. Kwenye ubatizo Manassas, kwenye mahafali Annandale, watu waliniweka pembeni na kuniuliza kwa nini mchicha wao unatoa mbegu mapema, nami nikashauri kwa sauti ya mtaalamu, mikono nikiwa nimeificha mifukoni kwa sababu ya kucha. Kaduma ndiye aliyejua ukweli. Mtu aliyekupa kochi lake humfichi matope ya buti zako.

"Sheki," alikuwa akiniambia, "mwosha huoshwa. Ila mimi ndiye nitakayetangulia, na utanichimbia wewe. Usiiachie mashine. Mgongo wangu hautaki vishindo."

"Utachimbiwa kwenu Njombe," nikamjibu, "kwa majembe ya kwenu."

"Njombe baridi," akasema. "Nimechoka na baridi."

Alitangulia kweli. Ugonjwa ulimla kuanzia tumboni, na mwishoni alikuwa mwepesi hadi nikaweza kumgeuza peke yangu kitandani. Mnajua desturi yetu huku: mtu akifa, jamii inachanga ili mwili urudi nyumbani. Kaduma alikataa mapema. Alimwambia mkewe azikwe hapa, karibu na watoto, kwa kuwa hakuna mtoto wake atakayepanda ndege kwenda kufyeka nyasi za kaburi Njombe. Binti yake Upendo akatafuta kwenye simu, akaona picha za bwawa na magnolia, akasema ni hapo. Ilikuwa kwetu kazini.

Mama Upendo alinipigia mwenyewe. Alikuwa ananiita shemeji, kama ilivyo kwa rafiki wa mume.

"Shemeji," akasema, "Upendo amepata mahali. Panaonekana pazuri, bustani tupu. Wewe hapo unapajua?"

Nilikuwa nimekaa bandani, buti miguuni, sandwichi mkononi. "Nimewahi kupita," nikamwambia. "Ni pazuri."

"Haya, shemeji," akasema. "Asante." Nikaweka simu chini na ile sandwichi sikuimaliza.

Meneja alinipa ruhusa ya siku nzima nilipomwambia marehemu ni rafiki yangu. Sikuitumia nusu ya kwanza. Alfajiri nilikuwa pale na Clifton, makoleo mawili na sururu, bila mashine. Hakuniuliza sababu, nilikuwa nimeshamsimulia siku moja jinsi kwetu inavyofanyika. Tulichimba kwa zamu. Nilimsema Kaduma kidogo, kama inavyopasa: jinsi alivyokuwa akikoroma, jinsi alivyokuwa akikataa kuuliza njia hata akipotea na abiria ndani ya gari. Clifton akacheka pale panapochekesha. Sanduku la zege, ambalo huku jeneza huwekwa ndani yake, likateremshwa, tukatandika mbao na zulia. Kisha nikaingia bandani, nikanawa, nikasugua kucha kwa brashi ya buti, nikavaa suti. Clifton akabaki na nguo za kazi, akaenda nyuma ya miiba na vijana wengine. Mimi nikazunguka kwa geti kubwa, nikaingia pamoja na waombolezaji kana kwamba ndio nafika.

Mchungaji akamaliza. Jeneza likashuka. Kila mmoja akatupia mkono wa udongo. Mfanyakazi wa ofisi akakunja mikono kwa adabu, akangoja watu waende kwenye magari yao. Watu hawakwenda. Nao walikuwa wanangoja. Nilijua tangu usiku kwamba itakuwa hivi. Huku mazishi yanaisha kwa maneno, wengine wanakwenda zao na udongo unarudishwa kwa mashine. Kwetu hakuna aondokaye kaburi likiwa wazi. Nilikuwa mtu pekee uwanjani aliyejua pande zote mbili zinangoja nini, na nilisimama na mikono mifukoni.

Mjomba Side, mwenyekiti wetu wa misiba yote, akaanza kutazama huku na huku. "Jamani, tunawait nini? Makoleo yako wapi?"

Kijana mmoja wa Nairobi akaenda kumuuliza yule wa ofisi, akarudi. "Ati ni insurance. Wanasema tujitoe kwanza, wao watafill na machine."

"Tujitoe tumwache hivi?" Mjomba Side akasema. "Kama takataka?"

Mama Upendo alikuwa amekaa kwenye kiti, haangalii shimo. Alikuwa ananiangalia mimi. Nilifikiri anataka kuegemea mtu, nikasogea nyuma ili asione kwamba nimemwona. Banda lilikuwa hatua chache kutoka pale. Nilijua ndoano gani ina koleo gani. Na sikwenda.

Aliyekwenda ni Clifton. Alitokeza kwenye pengo la miiba mchana kweupe, mbele ya watu, jambo ambalo kwa sheria yetu lingeweza kumfukuzisha kazi, amekumbatia makoleo yote ya banda. Akayalaza kwenye nyasi mbele ya Mjomba Side. "Karibuni, ndugu zangu," akasema, silabi moja moja. "Mzikeni mtu wenu." Yule wa ofisi akafungua mdomo, akatazama nyuso za wanaume waliokuwa wanavua makoti, akaufunga. Tulifukia wenyewe, kwa nyimbo. Na mimi nilifukia, lakini kwa uzembe, nikilishika koleo kama mtu wa ofisini ili nisije nikaonekana najua.

Watu walimpenda Clifton papo hapo. Walimvuta hadi kwenye ukumbi wa kanisa Laurel, akaenda na nguo zake zilezile za kazi, buti zikiacha udongo mlangoni. Harufu ya pilau ilikuwa imejaa. Mjomba Side akashika kipaza sauti na, kwa mazoea ya misiba mia, akasema: "Kabla ya wote, waliochimba kaburi watangulie." Kisha akajishtukia. "Aa, samahani, nimesahau. Huku ni mashine." Watu wakacheka kidogo, kile kicheko cha msibani.

Clifton akasimama. Kwake lilikuwa jambo la furaha. Alikuwa amesikia habari ya desturi hii kwangu, na sasa iko mbele yake. "Si mashine," akasema. "Tulichimba kwa mikono. Tulichimba..." Akageuza uso kunitafuta. Nilikuwa meza ya tatu, katikati ya watu walioniita Bwana Bustani. Nilikuwa ninazungusha kifuniko cha soda mezani. Niliinua macho, yakakutana na yake, nikayashusha.

Akangoja. Najua alingoja, kwa sababu kifuniko kilizunguka kikalala, nikakizungusha tena.

"Nilichimba mimi," Clifton akasema.

Wakapiga makofi. Mama Upendo akatoka jikoni na sahani mbili zilizojaa. Moja akampa Clifton kwa mikono miwili, akipiga goti. Ile ya pili akasimama nayo katikati ya ukumbi, akatazama meza zetu kwa muda, kisha akairudisha jikoni. Nilidhani ni yake mwenyewe. Nilipopata zamu yangu kwenye foleni, nilipakua kidogo, nikakiacha sahanini.

Wahenga walisema aibu ya maiti aijuaye mwosha. Ya mwosha wanaijua wengi kuliko anavyodhani, lakini hilo nililijua baadaye sana.

Tangu hapo kila mwaka, siku aliyokufa Kaduma, Mama Upendo alikuwa anakuja getini na hotpoti ya pilau na maandazi kwa ajili ya mzee aliyemchimbia mume wake. Nikiliona gari lake, nilikwenda nyuma ya miiba. Clifton aliipokea hotpoti ile, akashukuru kwa Kiswahili chake, akaja nayo bandani na kugawa mafungu mawili sawa. "Kula, ndugu," alikuwa anasema, "kinapoa." Nami nikala. Hilo ndilo linaloniamsha usingizini hadi leo, kuliko hata lile la ukumbini. Ukumbini niliogopa. Bandani sikuogopa kitu, nilikuwa nakula tu.

Mara moja nilimuuliza kwa nini alisema vile.

"Nilikusubiri useme," akajibu. "Hukusema. Chakula kilikuwa kinapoa." Akatafuna kidogo. "Watu wangu wote wamefichwa nyuma ya miiba hii, ndugu. Hawakuulizwa. Wewe umejificha mwenyewe. Siwezi kukutoa."

Alistaafu, nikarithi ile redio. Ninyi mlianza kuingia mmoja mmoja. Meneja akabadilika, akaja huyu wa sasa, ambaye alizisoma kokoto za Clifton badala ya kuzilalamikia. Mnakumbuka ua ulipokatwa katikati ili pawe na njia, na kibao kikawekwa, na wazee wa makanisa ya mjini wakaja na mashada. Clifton alikuja na mkongojo. Akaniambia amemwomba meneja azikwe kule chini na amekubaliwa. Sikupenda kulisikia, nikaanza kuzungumzia nyasi.

Alipofariki, mashine haikuweza kushuka bondeni bila kupita juu ya watu wasio na mawe. Wafula na Espoir, mlikuwepo. Niliikita fimbo nimefumba macho, mahali baada ya mahali, mpaka nikapata udongo unaokataa pande zote, nafasi ya mtu mmoja kati ya waliokuwapo. Tulichimba kwa zamu. Niliwaambia mumseme kidogo, na Espoir ukasema, "Mzee alikuwa ananiita ndugu kuliko ndugu zangu wenyewe." Pembe zilinyooka. Sijawahi kuchimba kaburi zuri kuliko lile.

Baada ya mazishi mlinipeleka kwa pikapu hadi kanisani kwao mjini, kwenye chakula. Nikawaambia tuingie. Wafula ukasema, "Zii, mzee, na hizi gumboots? Sisi tutakuwait hapa." Espoir naye: "Papa, wewe ingia. Sisi ni wa travail tu, wa kazi." Niliingia peke yangu, sikuwalazimisha. Kwa hiyo yaliyotokea ndani hamkuyaona, na ndiyo yaliyonifanya niandike.

Ukumbi ulikuwa umejaa watu wa Clifton, na jikoni, kati ya wamama wa kanisa waliovaa aproni nyeupe, alikuwa Mama Upendo. Alikuja kumsindikiza mchimbaji wa mume wake, akaona kazi jikoni, akaishika. Nilikuwa na suti kwenye mfuko wa plastiki, kama kawaida yangu. Nikasimama nayo kwenye mlango wa choo, na ghafla nikaona nitakavyokuwa tena meza ya tatu, safi, nikizungusha kifuniko. Nikauacha mfuko chini pale pale. Nikaenda mbele ya meza ya chakula na buti zangu, kabla mtu yeyote hajaitwa.

Mama mmoja mnene wa jikoni akanishika mkono kwa upole, akanieleza kwa Kiingereza kwamba kwao familia hutangulia. Alikuwa na haki, nikaona uso unaniwaka. Imani, binti yake Clifton, alikuwa ameketi mbele kabisa, akainua macho. Nikazungumza naye yeye, kwa Kiingereza changu kilichokwama, kwa sauti iliyotoka kubwa kuliko nilivyokusudia.

"Kwetu," nikasema, "aliyechimba kaburi hula kwanza. Baba yako aliijua desturi hii. La baba yako nimechimba mimi, na vijana wawili walioko nje kwenye gari." Yaliyobaki nikayasema kwa Kiswahili, kwa sababu Mama Upendo mwenyewe alikuwa amesimama jikoni. "Na la Kaduma tulichimba wawili. Mimi na Clifton."

Imani alikuwa anakielewa Kiswahili cha baba yake kidogo kidogo. Akamwambia yule mama, kwa Kiingereza, anipe sahani. Lakini Mama Upendo alikuwa ameshaichukua. Aliijaza kuku, maharage, mboga za majani zilizopikwa na nyama ya kukausha, akaja nayo mpaka niliposimama. Sikutaka apige goti, akapiga.

"Najua, shemeji," akasema kwa sauti ya chini. "Marehemu aliniambia tangu mnaishi naye Laurel. Siku ile nilitoka na sahani mbili."

"Mbona hukusema?"

"Nilikuuliza kwenye simu kama unapajua," akasema. "Ukasema umewahi kupita."

Nikala nimesimama, mbele ya watu wote, machozi yanaingia kwenye mboga. Siwezi kuwadanganya kwamba aibu iliisha. Clifton hakuwapo kuniona, na Kaduma hakuwahi kusikia jina langu likitajwa kati ya waliomchimbia. Wakati nakula, Mama Upendo alijaza sahani mbili nyingine, akazifunika kwa karatasi ya foili, akatoka nje nazo. Zile ndizo mlizoletewa garini. Wafula uliniambia baadaye kwamba wamama wa kanisa lile ni wakarimu. Haukuwa ukarimu. Ilikuwa haki yenu, na mliila mkiwa mmejificha.

Basi siku yangu ikifika, nimeshamwambia mke wangu iwe kule kule chini, upande wa kijito. Iokoeni ile fimbo na kutu. Nyoosheni pembe, mnisemeseme kidogo, hasa hili la suti. Na mkishanifukia msirudi nyuma ya miiba. Njooni ukumbini na viatu vyenu vya udongo, mkasimame mbele ya pilau kabla ya mchungaji, na wakiuliza nani kachimba, mseme.